Dirisha la Malipo Lisiwe Hakimu wa Uhai
Maradhi hayambagui mkulima na mkurugenzi. Dirisha la malipo ndilo linalowabagua.

Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, maradhi yalitangazwa kuwa adui wa Taifa, pamoja na ujinga na umaskini. Kwa miaka mingi mwananchi alitibiwa katika hospitali ya Serikali bila malipo. Mwaka 1993 uchangiaji ukaanza, na fedha ikasimama mlangoni mbele ya mganga.

Wako wanaodai kuwa mchango huo ni mdogo. Mdogo kwa nani? Mtumishi wa umma hukatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri huongeza 3, naye hutibiwa kwa kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Mkulima hana mshahara wa kukatwa. Huugua masika, na fedha huja baada ya mavuno. Basi huuza mbuzi, au hungoja nyumbani hadi homa ndogo iwe msiba.

Misamaha ipo, kwa wajawazito, watoto wadogo na wazee wasiojiweza. Lakini dawa ikikosekana, aliyesamehewa hutumwa duka la dawa, na huko hakuna msamaha.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Sheria peke yake haitibu mtu. Asiye na uwezo alipiwe na hazina ya umma, na dawa ziwepo zahanati. Mwalimu na karani wenye kadi wasinyamaze: bima ya wachache ni upendeleo, bima ya wote ndiyo haki.