Moto wa Septemba Hausafishi Shamba



Kila mwaka mvua za vuli zikikaribia, vilima vyetu hufuka moshi. Tunasema tunasafisha shamba. Mimi nasema tunachoma mbolea yetu. Mabua yakiungua, naitrojeni hupaa na moshi, na majivu husombwa na mvua ya kwanza hadi ziwani.

Moto wa Juni hukuta nyasi bado na unyevu. Wa Septemba hukuta zimekauka, upepo wa mchana ni mkali, na ukishika kilima hupanda mbio, kwa sababu miali hukausha nyasi za juu kabla ya kuzifikia. Miche ya miti hufa, nyuki huhama, ngitili ya jirani hugeuka jivu. Anayeuza kuni, asali au nyasi za kuezekea naye amepoteza mtaji. Oktoba 2020 Mlima Kilimanjaro uliungua takriban kilomita za mraba 95, na mamia ya watu walihangaika siku kadhaa kuuzima moto. Sisi wa Buhongwa tungeuzima na nini?

Mabua ya mahindi yatandaze shambani au tengeneza mboji. Masalia ya pamba ndiyo pekee ninayokubali yachomwe, maana hutunza wadudu. Yang'oe, yarundike katikati ya shamba, fyeka na kulima ukanda wa mita 5 kuzunguka lundo. Mjulishe mwenyekiti wa mtaa, waite majirani, washa upepo ukitulia. Usiondoke mpaka majivu yapoe.