Bei ya mu telefone nayo ilindwe



Siye wa Alunguli, biashara yetu nyingi inapita mu telefone. Gare ya treni na uwanja wa ndege viko ngambo ingine ya mto. Kuliko kuvuka na mutumbwi kila mara juu ya kuuliza bei ya mupunga, mutu anapiga simu tu, na mapatano yanaisha hapo hapo. Siku magunia yanafika, mununuzi anasema: "Hapana prezida, hatukusikilizana vile." Ushahidi uko wapi? Kurudisha mzigo ni gharama ingine. Njo vile mukulima anakubali bei ya chini, roho ikimuuma.

Maoni yangu ni haya: kila koperative iwe na telefone moja ya biro, isiwe ya prezida wala ya mwandishi, na mazungumuzo ya kuuza na kununua yarekodiwe humo. Haiombi mashine kubwa. Simu nyingi za Android zinarekodi zenyewe. Zingine hapana, basi mujaribu mbele ya kununua.

Lakini kurekodi mutu kwa siri, hapana. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 31, inalinda maisha ya binafsi ya kila mutu na siri ya mazungumuzo yake ya simu. Sheria ya 13 Machi 2023, yenye kuitwa Code du numérique, nayo imeweka kanuni za kulinda habari za watu. Basi museme mwanzoni: "Papa, hii ni telefone ya koperative, tunarekodi mapatano. Unakubali?" Akikataa, musirekodi; mumuombe atume bei kwa mesaji.

Kuna wenye kusema hii itafukuza wanunuzi. Mimi sioni vile. Mununuzi wa kweli naye analindwa, maana hata siye wakulima tunaweza kugeuka mwingine akileta bei ya juu. Mwenye kuogopa neno lake mwenyewe, heri akimbie magunia yakiwa bado mu depo.

Hatari ingine iko ndani yetu: nani anashika zile rekodi? Mama akipiga simu kuomba deni juu ya mtoto mgonjwa, hiyo si biashara ya mupunga, isirekodiwe. Rekodi zisifunguliwe na mutu mumoja. Kesiye na mujumbe wa kamati ya ukaguzi wawe pamoja. Mzigo ukisha kulipwa na neno likiisha, rekodi ifutwe. Muda wa kuichunga uamuliwe na mukutano mukuu, si na prezida peke yake.

Tena rekodi haichukui nafasi ya kaye. Simu inaibiwa, inaanguka mu maji. Baada ya kila mapatano, mwandishi aandike tarehe, jina, kilo ngapi, bei ya kilo moja, nani analipa kuvusha, na siku ya malipo. Kisha atume mesaji kwa mununuzi yenye maneno yale yale.

Mu mukutano wenu unaokuja, muulize jambo moja: bei ya mzigo wa mwisho ilipatanwa na nani, na inaonekana wapi? Kama jibu ni "iko mu kichwa ya prezida", basi tungali na kazi.