Nyota Moja ya Abiria wa Dakika Kumi

Najua nimepotea. Wiki mbili za mitihani mtu hata jina lake analisahau, achilia mbali kuandika. Sasa nimepumua, nimekula, bando lipo, na leo hakuna umbea wa hosteli. Nina hoja moja imenikaa kifuani tangu nitoke TP, nayo ni hizi nyota tunazogawa kwa simu.

Mnazijua. Unatoka saluni, unatoka gesti, unatoka kula chipsi, hujafika hata kona, simu inakuuliza palikuwaje pale, unatoa nyota ngapi. Unabonyeza, unarudisha simu mfukoni, maisha yanaendelea. Umefurahi, tano. Umeudhika, moja. Nani ana muda wa kuandika insha?

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili tusizungushane. Tuandike, tena tuandike zaidi ya sasa. Lakini nyota moja kavu, anayopewa mtu mwenye kibanda ambaye hata hajui kwamba ameandikwa, mimi siiti maoni. Huko ni kumsema mtu akiwa hayupo, na nyumbani sote tulifundishwa kuwa hiyo si tabia nzuri.

TP yangu niliifanya Masumbwe. Kwa wasiopajua, ni mji mdogo wenye pilikapilika, wilaya ya Mbogwe, mkoa wa Geita. Wazee wengine ukiwauliza bado wanasema Shinyanga, na wana sababu, maana hadi mwaka 2012 ilipoanzishwa mikoa na wilaya mpya, Masumbwe ilikuwa ndani ya Bukombe, Shinyanga. Uko kwenye barabara kuu inayotoka Kahama kwenda Ushirombo na mbele hadi mpaka wa Rusumo, kwa hiyo malori yanayokwenda Rwanda na Burundi hayaishi kupita. Ongeza wanunuzi wa mpunga. Ongeza wachimbaji wadogo wanaohama duara hadi duara kufuata dhahabu. Ongeza walimu wapya, na sisi wa TP na mabegi yetu. Yaani ni mji ambao kila siku anaingia mtu asiyejuana na yeyote, na maswali yake ni yale yale: nilale wapi, nile wapi, kioo cha simu kimepasuka, fundi wa kweli ni nani?

Jibu la miaka yote ni bodaboda wa stendi. Wengi wao ni watu safi kabisa, ila kuna mwingine ana gesti "yake" ambayo kila akipeleka mgeni anapewa chochote. Ndiyo maana mgeni anatoa simu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa watu wanaokaa mtaa mmoja ni kweli tupu, kwa sababu habari zinazunguka zenyewe kisimani na sokoni. Lakini kwa mtu aliyeshuka kwenye basi saa tatu usiku, kizuri kilichojificha nyuma ya soko hakijiuzi. Anakiona chenye taa barabarani, basi. Hapo mstari mmoja wa mtu aliyewahi kupita unaweza kumwokoa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Karibu na shule niliyokuwa nafundisha kuna mama ntilie, jina lake nalihifadhi. Wali wake ni wa mchele wa huko huko, ukipita na harufu ile kama hujalipwa bumu unaweza kulia. Siku moja natafuta steshenari kwenye ramani ya Google, nikakuta kibanda chake kimo. Kuna mtu alikiweka. Kina maoni matatu: wawili wametoa nyota tano, wa tatu ametoa nyota moja na maneno matatu, "Huduma mbovu sana". Nikamwonyesha. Mama mwenyewe anatumia kitochi, hakuwa anajua kuna ramani, sembuse kwamba yeye yumo ndani. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Mwalimu, huyo alikula lini?" Nikamwambia simu inasema miezi minane iliyopita. "Alikula nini?" Haijaandikwa, mama. "Atakuwa abiria. Basi likisimama dakika kumi kila mtu anataka ahudumiwe wa kwanza. Sasa mbona hakuniambia pale pale? Ningempa sahani nyingine."

Akaendelea kuosha vyombo. Mimi ndiye niliyebaki na maswali yale matatu kichwani: lini, nini, na mbona hukuniambia. Nimesoma moduli nzima za upimaji na tathmini, sijakutana na maswali matatu yaliyoshika kitu kama yale.

Tupige hesabu kidogo, si tunajiita walimu? Kabla ya yule bwana, mama alikuwa na 5.0. Baada yake ni 5 na 5 na 1, jumla 11, gawa kwa 3, unapata 3.7. Sasa chukua hoteli kubwa ya Mwanza yenye maoni 400 na wastani wa 4.5. Jumla yake ni nyota 1,800. Mpe nyota moja, zinakuwa 1,801, gawa kwa 401, unapata 4.49, na kwenye simu itaendelea kusomeka 4.5. Kidole ni kile kile, hasira ni ile ile. Hoteli haijasikia hata mwasho, mama ntilie ameporomoka.

Na nyota ni hela, tusijidanganye. Mwaka 2011 mtafiti wa Harvard aitwaye Michael Luca alilinganisha nyota za Yelp na mapato ya migahawa ya Seattle, Marekani. Alikuta kwamba nyota ikipanda kwa moja, mapato yanapanda kwa asilimia 5 hadi 9, na athari hiyo ilikuwa kwa migahawa ya watu binafsi, si ile ya makampuni yenye matawi kila kona. Inaeleweka. Yenye matawi watu wanaijua tayari. Mdogo ndiye anayepimwa kwa maneno ya wapita njia. Masumbwe si Seattle, lakini jiulizeni nani kule ana matawi kila kona!

Kuna wenzangu watasema basi suluhisho ni kumpa kila mtu tano, tuishi kwa amani. Hapana jamani. Hilo nalo ni uongo, na lina wenyewe. Mwaka 2017 kijana mmoja wa London, Oobah Butler, ambaye aliwahi kulipwa pauni 10 kwa kila sifa ya uongo aliyoandikia migahawa, aliamua kusajili TripAdvisor mgahawa ambao haupo kabisa. Kilikuwa kibanda cha bustanini kwake, akakiita The Shed at Dulwich. Marafiki zake wakaandika sifa, na kufikia Novemba mwaka huo kibanda hicho kilikuwa namba moja kati ya migahawa yote ya London iliyokuwa kwenye orodha. Watu wanapiga simu kuomba meza, na hakuna meza, hakuna mpishi, hakuna chochote! Wenzetu mambo haya yaliwachosha hadi wakatunga sheria: Marekani kanuni ya kupiga marufuku maoni ya kununua ilianza Oktoba 2024, na Uingereza ikafuata Aprili 2025. Kwa hiyo yule jamaa wa darasani anayekuombeni mumpe nyota tano kwenye duka la mjomba wake ambalo hamjawahi kulikanyaga, mwambieni hapana, kwa upole.

Mimi naliona hivi. Mwalimu anayerudisha daftari limeandikwa 3/10 bila neno, mtoto hajui akosoe wapi. Mwalimu anayeandika "vizuri" kwa darasa zima, mtoto hajui pia. Wote wawili wamechoka, na wote wawili hawajafundisha. Nyota ni alama. Maneno ndiyo masahihisho.

Ndiyo maana nasema andika kilichotokea. "Nimekula wali maharage Jumatano mchana, bei ilikuwa kiasi hiki, nilisubiri nusu saa, wali mzuri, maji ya kunawa hayakuwepo." Umemaliza. Mgeni anajua, na mwenye kibanda akisomewa anajua arekebishe nini. Tarehe isikosekane, hasa ukanda ule wa dhahabu ambako mambo yanabadilika haraka. Gesti iliyokuwa tulivu mwaka juzi, leo jirani pamefungwa karasha, usiku kucha ni mngurumo. Machimbo yakihama, utulivu unarudi. Mwandishi hakudanganya, ila maneno yake yamezeeka. Na andika Kiswahili! Huo mtindo wa kuandika maneno mawili ya Kiingereza kama "nice place" kwenye gesti ya Masumbwe sijui tunamwandikia nani. Dereva wa lori anayesoma anataka kujua kama pana sehemu salama ya kuegesha.

Halafu kuna makosa ambayo hayafai kuishia kwenye nyota. Mizani imechezewa? Wakala wa Vipimo wapo kwa kazi hiyo. Chakula kimekuumiza tumbo wewe na wenzako? Kuna bwana afya, na usalama wa chakula uko chini ya TBS tangu 2019. Ukimpa nyota moja utapoa hasira, lakini mizani itaendelea kuiba kwa bibi asiyekuwa na simu janja. Na ukitunga, kumbuka Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16: kuchapisha taarifa unayojua ni ya uongo kwa nia ya kumchafua mtu au kupotosha umma ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Milioni tano, wadau. Piga hesabu hizo ni bumu ngapi.

Roommate wangu, mbishi wa kuzaliwa, ananiambia tunaifanyia Google kazi ya bure. Ana hoja, na siikatai. Pointi wanazotoa kwa waandishi hazinunui hata vocha, wakati ramani yao inaneemeka na jasho letu. Lakini anayefaidika si Google peke yake. Kuna binti atakayepangiwa Masumbwe mwakani, atashuka stendi usiku na begi na godoro, na atahitaji kujua gesti ipi mlango unafunga vizuri. Huyo simfanyii Google, namfanyia mwalimu mwenzangu. Tena ujumbe wa maneno tupu haumalizi bando la mtu.

Na kuhusu wale wasiojua kama wameandikwa, naona hapo ndipo sisi wasomi tunadaiwa. Mwenye biashara ana haki ya kudai ukurasa wake kwenye ramani, kujibu maoni, na kuripoti yanayovunja taratibu. Haki hiyo inahitaji simu janja, akaunti, na mtu wa kukuelekeza. Mama yule ana kijana wake kidato cha tatu mwenye simu. Tulikaa jioni moja, wakaweka saa za kufungua na picha ya sufuria inayofuka moshi, na chini ya ile nyota moja kijana akaandika alichoambiwa na mama yake: "Pole kwa usumbufu. Karibu tena, ukiona kuna tatizo niambie." Nyota haikuondoka. Lakini sasa anayesoma anasikia pande mbili.

Kwa hiyo ombi langu kwa mnaokwenda TP. Mkifika kituoni, kwanza mwambieni mtu ana kwa ana, kwa adabu, "Mama, wali wa leo haujaiva vizuri." Mara nyingi mambo yanaishia hapo, na unaongezewa mboga. Ikishindikana, andika ulichokiona, siku na bei. Na kabla hujaondoka, andika pia watatu waliokutendea mema: fundi, muuza duka, mpishi. Wanaoudhika huwa hawasahau kuandika. Tulioshiba ndio wasahaulifu.

Naomba kuwasilisha. Mwenye hoja tofauti aje tubishane pale kantini, ila chai analipa yeye.