Kona ya Kimombo: Upepo hauonekani, lakini unakuvua kofia!

Leo kona yetu inatua Singida, tena siyo mjini. Tupo Kinyangiri, wilaya ya Mkalama, ile iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Kuna kijana wa huko anajiandaa kurudia mtihani wa kidato cha nne, na Kimombo ndicho kilichomwangusha. Zamani alikaririshwa kwamba "abstract noun" ni jina la kitu kisichoonekana. Siku akaulizwa "wind" ni kundi gani, akajibu "abstract" kwa kujiamini kabisa, akala kosa. Anauliza: "Kaka, upepo nani kawahi kuuona?"

Mdogo wangu, swali lako zuri sana. Hiyo kanuni ya "kisichoonekana" ndiyo inayowaponza wengi, maana inaishia kwenye macho. Binadamu ana milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Mlango mmoja tu ukikipokea kitu, basi jina lake ni "concrete noun". Upepo wa Singida hausubiri uuone. Unakurushia vumbi, unakuvua kofia, unasikika mpaka kwenye bati. Harufu ya kitunguu kinachokaangwa nayo huioni, lakini jirani keshajua leo mnakula nini!

Sasa chukua "laziness", uvivu. Mvivu utamwona kajinyoosha kitandani saa nne asubuhi. Mtimue. Hapo kitandani hakibaki kitu cha kushika, kunusa wala kuonja. Uvivu ni wazo tulilolipa jina, na hiyo ndiyo "abstract noun", kwa Kiswahili nomino dhahania. "Beauty" vilevile: mrembo unamwona, urembo wenyewe unaufikiria tu (na wengine mnaufikiria mno).

Sisi Waswahili tuna bahati, tunabandika U mbele: mtoto, utoto, rafiki, urafiki, huru, uhuru. Mzungu anabandika mkia nyuma: "childhood", "friendship", "freedom". Ila usijiachie. Ugali una U na unashibisha, ukuta una U na ukiugonga unatoka nundu. Nako kwao "neighbourhood" ina mkia uleule wa "childhood", lakini mara nyingi ni mtaa, unaukatiza kwa miguu.

Ukitaka mfano mzito, mtafute Mwalimu Nyerere. Oktoba 1959, akihutubia Baraza la Kutunga Sheria kwa Kiingereza, alisema Watanganyika wangependa kuwasha mshumaa juu ya Kilimanjaro, umulike mpaka nje ya mipaka, ulete matumaini penye kukata tamaa, upendo penye chuki na heshima palipojaa kudhalilishwa. Hesabu mwenyewe. "Candle" unaishika, "mountain" unaipanda. Halafu zinakuja "hope", "despair", "love", "hate", "dignity" na "humiliation", zote sita dhahania. Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda akaufikisha Mwenge kileleni. Mwenge wa Uhuru! Jina moja, makundi mawili. Ukikimbizwa wilayani kwenu, mwenge utauona na moshi wake utaunusa. Uhuru hautakupitia puani.

Tuje kwenye kasheshe lenyewe, linalowakosesha watu kazi hapa mjini. Mtu kavaa tai, kaandika barua: "I have many informations", "I need your advices". Bosi anasoma mstari wa pili, barua inakwenda kwenye kapu. Sisi tunasema habari nyingi, taarifa nyingi, tukadhani na Mzungu anahesabu hivyo hivyo. Hahesabu. "Information", "advice" na "knowledge" hazitaki S hata kwa rushwa.

Lakini usikimbilie kukariri tena kwamba kila "abstract noun" hukataa S. "Idea", "promise" na "problem" ni dhahania na zinapokea S bila kinyongo. Na "furniture", kitanda na kabati unavyovigusa kabisa, inakataa. Ina maana mambo ya S ni kesi nyingine, tofauti na hii ya milango mitano. Kamusi nzuri za wanafunzi huweka herufi ndogo pembeni ya neno: C kama linahesabika, U kama halihesabiki. Azima hata ya rafiki, uitazame kabla ya kutuma barua.

Swali lako la pili nimecheka peke yangu. Unataka kumwandikia binti "I send you many loves". Hapana, mdogo wangu! Andika "lots of love", bila S, halafu bonyeza tuma.