Megawati zimeongezeka, lakini dhoruba ikipiga Tanga hasara ni ya nani?

KWA miaka mingi wakazi wa Tanga na vitongoji vyake walizoea kuambiwa kuwa umeme umekatika kwa sababu mvua hazikunyesha. Mwaka 2006, na tena mwaka 2011, nchi iliingia katika mgawo mkali baada ya maji kupungua kwenye mabwawa. Siku hizi limeongezeka la pili. Mvua ikinyesha kupita kiasi na upepo ukavuma kwa nguvu kutoka baharini, nguzo zinaanguka, matawi yanalalia nyaya na umeme unakatika. Ukame unamzimia mwananchi taa, na dhoruba nayo inamzimia taa.

Mfano ulio wazi ni Kimbunga Hidaya. Usiku wa kuamkia Mei 4, 2024, wakati kimbunga hicho kikiukaribia ukanda wa pwani, gridi ya Taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikakosa umeme. Boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimama na wavuvi walitakiwa kutotoka. Madhara makubwa yalikuwa kusini, Mafia na Kilwa, na barabara ya kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga. Tanga ilinusurika na kishindo, lakini haikunusurika na giza.

Vimbunga vya aina hiyo ni nadra katika ukanda huu. Wazee bado wanakikumbuka cha Lindi cha mwaka 1952, na vitabu vya historia vinakitaja cha Zanzibar cha mwaka 1872 kilichoangusha mikarafuu. Lakini kinachomuumiza mfanyabiashara wa Tanga, Pangani, Muheza au Mkinga si kimbunga cha mara moja katika kizazi. Ni dhoruba ndogo ndogo za masika, kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli, zinazorudi kila mwaka na kuacha mtaa au kijiji bila umeme kwa saa kadhaa, wakati mwingine kwa siku.

Uzalishaji ni jambo moja, usafirishaji ni jingine

Wapo wanaoamini kuwa tatizo hili litakwisha kwa sababu Bwawa la Julius Nyerere limeanza kuzalisha. Ni kweli kwamba bwawa hilo, lenye mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115, limebadili hali ya uzalishaji. Septemba 2023 nchi ilikuwa katika mgawo. Mtambo wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024, na haikupita miezi mingi Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) likaeleza kuwa limezima baadhi ya mitambo ya maji kwa sababu umeme ulizidi mahitaji.

Hata hivyo, katika kipindi hicho hicho, Aprili 1, 2024, gridi ilipata hitilafu na nchi ikaingia gizani. Somo lake ni rahisi. Umeme unaweza kuwa mwingi bwawani na usifike dukani. Megawati hazimsaidii mwenye friza Kipumbwi ikiwa nguzo imeanguka njiani.

Tanga ina mitambo yake katika mto Pangani: Hale wa megawati 21 na New Pangani Falls wa megawati 68. Lakini nayo imeunganishwa na gridi, na gridi ikianguka yote husimama. Umbali nao una gharama. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme kutoka Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini, akitaja upotevu unaotokea umeme unaposafirishwa mbali kutoka kwenye vituo vya uzalishaji. Aidha, tangu mwaka 2010 kisiwa cha Pemba kinapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, hivyo hitilafu ya upande huu huvuka maji.

Nani anaumia zaidi

Wa kwanza ni mwenye samaki. Masika yanapoendelea, kusi nayo imeanza, na wenye mitumbwi na ngalawa hukaa siku nyingi nchi kavu. Samaki huadimika na bei hupanda. Kwa hiyo samaki anayeoza kwenye friza wakati huo ni wa gharama zaidi kuliko yule wa kaskazi.

Wa pili ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Kwa joto la pwani, maziwa mabichi huharibika katika saa chache yasipopoozwa, na yanatakiwa kushushwa hadi nyuzi joto 4. Maziwa ya asubuhi yanaweza kuwahi kituoni. Ya jioni ndiyo yanayolala nyumbani, na mvua ikiharibu barabara ya kijijini hata ya asubuhi hayafiki.

Wa tatu ni mkulima wa mkonge wa Korogwe na Muheza. Majani yakishakatwa yanatakiwa kuingia kwenye korona ndani ya siku moja au mbili. Umeme ukikatika korona inasimama, na mvua ikiendelea hata nyuzi zilizokwisha kuchakatwa hazikauki juani.

Wa nne husahaulika: wakala wa miamala ya simu. Simu yake ikizima, kijiji kizima kinakosa fedha, na hata wa kumnunulia jirani LUKU hapatikani.

Hesabu ya jenereta

Umeme unapokatika mara kwa mara, wazo la kwanza la wengi ni kununua jenereta. Kabla ya kutoa fedha, hesabu ni muhimu.

Ichukuliwe kuwa friza la wastani linatumia uniti 2 kwa siku. Kwa mteja wa kawaida wa biashara anayelipa kama shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, hiyo ni kama shilingi 700 kwa siku. Jenereta dogo la petroli likiwashwa saa 6 kwa siku linaweza kunywa lita 4. Ikiwa lita ni shilingi 3,000, mafuta peke yake ni shilingi 12,000. Ikiwa jenereta lilinunuliwa kwa shilingi 600,000 na litatumika siku 20 kwa mwaka kwa miaka 5, kila siku ya matumizi inabeba shilingi 6,000 nyingine. Jumla ni shilingi 18,000 kwa siku, bila matengenezo.

Sasa mwenye duka aangalie ndani ya friza lake. Kama kuna kilo 20 za samaki wa shilingi 8,000 kwa kilo, anaokoa mali ya shilingi 160,000 na jenereta lina maana. Kama kuna soda na maji ya chupa, havitaoza. Anachopoteza ni wateja wa kinywaji baridi, na faida ya siku moja huenda isifike hizo 18,000.

Zipo njia za bei ndogo zinazopaswa kutangulia. Friza lililojaa na lisilofunguliwa hutunza baridi muda mrefu, karibu mara mbili ya lililojaa nusu. Nafasi tupu zijazwe chupa za maji yaliyoganda. Hizo ni akiba ya baridi iliyonunuliwa kwa bei ya uniti za kawaida. Umeme ukikatika, friza lisifunguliwe kwa kila mteja wa mia mbili, na lifunikwe kwa magunia au blanketi. Umeme unaporudi, vifaa viwe vimechomolewa na visubiri dakika kadhaa, kwa kuwa unaporudi kwa kishindo ndipo friza nyingi huungua. Kwa wakala wa simu, paneli ndogo ya sola na betri vinatosha.

Mwenye jenereta asiliwashe ndani ya nyumba au duka lililofungwa. Moshi wake unaua kimya kimya.

Kwa mfugaji, nguvu iko kwenye umoja. Kituo cha kukusanyia maziwa chenye tangi la lita 1,000 kikiendesha jenereta la dizeli saa 4, kwa lita 3 kila saa, kinatumia shilingi 36,000. Hiyo ni shilingi 36 kwa kila lita ya maziwa. Hakuna mfugaji wa ng'ombe wawili anayeweza kufikia gharama hiyo peke yake. Kwa maziwa ya jioni, mama wa nyumbani anayejua kugandisha mtindi ana bima ambayo haihitaji waya.

Taarifa ni mali

Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) hutoa tahadhari kwa ngazi tatu: Angalizo, Tahadhari na Tahadhari Kubwa. Wengi huzisikia redioni kama habari za wavuvi peke yao. Kwa mfanyabiashara zinapaswa kuwa ratiba ya kazi. Ikitolewa Angalizo, agandishe chupa na kununua LUKU mapema. Ikitolewa Tahadhari, apunguze kununua samaki wa kuhifadhi, na mkulima wa mkonge asikate majani mengi kuliko yanayoweza kuchakatwa kesho yake.

Lakini si haki mzigo wote kuachiwa mwenye duka. Kukata matawi kabla ya masika, kubadili nguzo zilizooza na kutangaza mapema muda ambao matengenezo yatachukua ni kazi za mtoa huduma, na gharama yake ni ndogo kuliko bwawa jipya. Wazanzibari wanajua bei ya waya mmoja. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa karibu miezi mitatu bila umeme wa kutoka Bara, na wenye majenereta ndio waliouza.

Wafanyabiashara wa Tanga nao waanze kuweka kumbukumbu: tarehe, saa ya kukatika, saa ya kurudi na mali iliyoharibika. Malalamiko huanzia ofisi ya TANESCO, na yasipotatuliwa hupelekwa EWURA. Lalamiko la mdomo husahaulika, lakini daftari la masika mazima, lililosainiwa na wafanyabiashara wa soko moja, ni vigumu kulipuuza. Bila daftari hilo, hasara itaendelea kuhesabiwa kuwa bahati mbaya ya mtu mmoja mmoja.