Maabara Ilisema, Ghala Halikusikia
Tarehe 4 Agosti 2020 bandari ya Beirut ililipuka, ikaua watu zaidi ya 200. Tani 2,750 za nitrati ya amonia, shehena iliyokuwa ikielekea Beira, Msumbiji, zilikuwa zimelala ghalani tangu 2014.

Kemikali hii ya mbolea si ngeni kwa wataalamu. Maabarani hupimwa kwa chembe kidogo: hugongwa, husuguliwa, hupashwa moto, ijulikane inastahimili kiasi gani. Jibu linajulikana zamani: ikitunzwa vyema hutulia; ikichafuka na kupatwa na moto mkali, huwa balaa.

Ndugu zangu, elimu ilikuwepo. Kilichokosekana ni amana. Nasi wa Mombasa, majirani wa bandari, tuna haki ya kuuliza: ghalani mna nini, na tangu lini?