TEMBEA UJIONEE: Hazina iliyofichika nyuma ya miwa ya Muhoroni

Leo naanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe.

Likizo ya Agosti iliyopita nilikuwa nyumbani Muhoroni pamoja na watoto. Jioni moja binti yangu, mwanafunzi wa sekondari, alikuwa ameketi nje akikariri somo la historia. "Rusinga, Songhor, Fort Ternan," alirudia mara kadhaa, kisha akaniuliza: "Baba, Fort Ternan iko wapi?"

Nilimjibu bila kusita kwamba ni mbali sana, pengine karibu na Nakuru. Mama yangu, aliyekuwa akichagua ndengu, alicheka hadi akaweka ungo chini.

"Mbali wapi, mwanangu? Ukipanda kwa reli kutoka hapa, steshoni ya kwanza ni Koru, ya pili ni Fort Ternan!"

Niliona haya. Nimezaliwa Muhoroni, nikasomea Muhoroni, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwapeleka watoto Mombasa kuona Fort Jesus. Ilhali mahali wanapopatolea alama katika mtihani pako nyuma ya shamba la nyanya yao. Ama kweli, penye miti hapana wajenzi.

Kesho yake tukafunga safari. Nyanya naye akavaa viatu, akasema hatabaki nyuma.

DAKTARI NA MAWE YA CHOKAA

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Koru. Kwa Wakenya wengi jina hili huleta huzuni, kwa kuwa ndiko nyumbani kwa marehemu Dkt. Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje aliyeuawa Februari 1990. Lakini Koru ina habari nyingine, ya zamani mno.

Katika miaka ya 1920, daktari mmoja mlowezi, H. L. Gordon, alipata mifupa iliyogeuka mawe ndani ya mawe ya chokaa ya Koru. Mifupa ya aina hiyo wataalamu huiita visukuku. Aliipeleka London. Mtaalamu wa huko, Arthur Hopwood, alivutiwa sana hata akaja mwenyewe mwaka 1931 kutafuta zaidi. Miaka miwili baadaye alitangaza kwamba hayo ni mabaki ya sokwe wa kale ambaye hakuwa amejulikana, akampa jina Proconsul.

Watoto walitaka kujua maana yake. Consul lilikuwa jina la sokwe mashuhuri aliyefunzwa kuwachekesha watu katika maonyesho huko Ulaya. Hopwood, kwa utani, akamwita mnyama wa Koru "aliyemtangulia Consul". Mwanangu wa kiume alicheka njia nzima.

Kwa nini mifupa hiyo haikuoza? Ukisimama Muhoroni ukatazama mashariki utauona mlima Tinderet. Leo umetulia na kufunikwa na mashamba, lakini zamani eneo hili lilikuwa la milima ya moto. Majivu yake yalikuwa na chokaa nyingi, yakawafunika wanyama na kuihifadhi mifupa yao kama nyama iliyotiwa chumvi.

JINA LIMEBAKI KWETU

Songhor nayo iko upande wa kaskazini, chini ya milima ya Nandi, katika nchi ya miwa. Mabaki ya huko yana umri wa miaka milioni 19 hadi 20. Karibu na Muhoroni kuna pia Daraja la Meswa, ambako yamepatikana mabaki ya miaka zaidi ya milioni 20. Mwaka 2009 sokwe wa hapo alipewa jina Proconsul meswae.

Hapa wanafunzi wasikilize vizuri. Vitabu vingi husema Proconsul ni wa Rusinga, kwa sababu ya fuvu mashuhuri alilolipata Mary Leakey katika kisiwa hicho mwaka 1948. Lakini mwaka 2015 wataalamu walilinganisha upya mifupa hiyo, wakaona sokwe wa Rusinga ni wa jamii tofauti. Wakamwita Ekembo, neno la Kisuba lenye maana ya sokwe. Aina mojawapo huitwa heseloni, kwa heshima ya Heselon Mukiri, Mkenya aliyefanya kazi na Louis Leakey kwa miaka mingi na mwenye jicho kali la kutambua visukuku.

Kwa hiyo jina Proconsul limebaki kwa sokwe wa upande wetu huu wa Koru, Songhor na Meswa. Katika mtihani jibuni kama mlivyofundishwa, lakini ukweli huo mwende nao nyumbani.

MTEREMKO WA FORT TERNAN

Fort Ternan iko juu zaidi, katika Kaunti ya Kericho, na hewa yake ni baridi kuliko ya Muhoroni. Mwaka 1961, katika shamba la mlowezi Fred Wicker, kikosi cha Leakey kilichimbua vipande vya taya na meno ya umri wa miaka karibu milioni 14. Mwaka uliofuata Leakey alivipa jina Kenyapithecus wickeri. Yamepatikana pia mabaki ya swala na ya jamaa za twiga, na hata majani ya nyasi yaliyohifadhiwa katika majivu ya Tinderet.

Nisiwadanganye. Mkienda mkitarajia kuona mafuvu mezani mtarudi mmenuna. Mifupa ile ya kwanza ya Koru iko London, na mingine mingi iko Nairobi. Hapa kuna mteremko uliochimbwa, majani na upepo.

Lakini nyanya alipofika alisimama kimya, kisha akaanza kusimulia. Alikuwa msichana zilipoenea habari kwamba kuna watu wanaochekecha udongo huku juu. Vijijini ikavuma kwamba wanatafuta dhahabu, na vijana wengine wakaanza kuchimba usiku kwao wenyewe. Wasipate kitu. "Kumbe walikuwa wanatafuta meno!" akasema, akacheka tena.

Mimi sikuwahi kuisikia hadithi hiyo, kwa sababu sikuwahi kumwuliza. Binti yangu alitoa daftari akaiandika yote.

Wakati wa kuondoka nilimwona mwanangu akitia jiwe mfukoni. Nilimwambia alirudishe alipolitoa. Alinung'unika kwamba ni jiwe tu. Ndiyo, huenda ni jiwe tu, lakini Gordon naye alianza na jiwe. Kwa mujibu wa sheria ya makavazi na urithi ya mwaka 2006, visukuku si mali ya aliyeviokota. Ukiona kitu, kiache mahali pake na utoe habari, kwani mfupa ukishahamishwa, mtaalamu hawezi tena kujua ulikuwa katika tabaka gani wala una umri gani.

KABLA HAMJAFUNGA SAFARI

Kwa familia inayotoka Kisumu, Muhoroni ni safari ya kilomita 50 hivi kwa njia ya Mamboleo, Miwani na Chemelil. Anzeni katika Makavazi ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, mkaulize kuhusu ruhusa na mtu wa kuwaongoza. Maeneo haya yamezungukwa na mashamba ya watu, na kuingia bila hodi si adabu.

Ondokeni alfajiri. Mvua ya huku hupenda kunyesha alasiri, na udongo mweusi wa miwa ukilowa, gari dogo halitoki. Bebeni maji, chakula na kofia. Jihadharini na matrekta ya miwa barabarani.

Na kama mna mzee nyumbani, mchukueni. Sokwe wa Koru amesubiri miaka mamilioni na anaweza kuendelea kusubiri. Nyanya zetu hawana muda huo.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.